Nani Mtenda? Taswira ya Mwanamke wa Diani katika Filamu na Vyombo vya Habari

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hii hutajwa sana katika mijadala ya siasa na mali, lakini inafaa vilevile katika mjadala wa filamu na vyombo vya habari, kwa sababu anayeshika kamera au kalamu ndiye anayeamua nani aonekane, nani aseme, na nani awe mandhari tu ya kisa cha mwingine. Makala hii inakusudia kuchunguza taswira ya mwanamke wa pwani ya kusini ya Kenya, hususan Diani na maeneo jirani ya Ukunda, Gazi na Msambweni, kama inavyojitokeza katika filamu, tamthilia za televisheni na habari.

Diani imeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ufuo huu ni miongoni mwa sehemu za Kenya zilizopigwa picha sana. Mchanga wake mweupe, minazi yake na bahari yake vimepamba vitabu vya watalii, matangazo ya biashara na filamu. Pili, nyuma ya hoteli zilizopangana kando ya bahari wanaishi watu, wengi wao Wadigo, wenye historia, desturi na lugha yao, ambao katika picha hizo huonekana kwa nadra, na wanapoonekana huwa wamebeba sinia, wanacheza ngoma ya kuwatumbuiza wageni au wanauza leso. Miongoni mwao, anayeonekana kidogo zaidi ni mwanamke. Swali linaloongoza makala hii ni jepesi kuuliza lakini si jepesi kujibu: katika visa vinavyosimuliwa kuhusu Diani, nani mtenda?

Maana ya Uwezo na Uwakilishi

Ni muhimu kufafanua istilahi mbili kabla ya kuendelea. Uwakilishi wa mwanamke una maana mbili zinazochanganywa mara kwa mara. Maana ya kwanza ni ya idadi: ni wanawake wangapi wanaotokea katika filamu, wanaonukuliwa katika habari, au wanaoketi katika vyumba vya uhariri. Maana ya pili ni ya taswira: wanapotokea, wanatokea kama nani na wanafanya nini. Uwezo, kwa upande wake, ni nguvu ya kuamua na kutekeleza. Mwanamke anaweza kuonekana kila siku katika skrini bila kuwa na uwezo wowote, kama vile anavyoweza kuwa na uwezo mkubwa katika kijiji chake bila kuonekana katika skrini hata mara moja.

Kuhusu idadi, upo ushahidi wa muda mrefu. Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake uliofanyika Beijing mwaka 1995, miaka kumi baada ya ule wa Nairobi wa 1985, uliviweka vyombo vya habari miongoni mwa maeneo kumi na mawili ya kushughulikiwa kwa dharura. Mwaka huohuo wa 1995 ulianza mradi wa kimataifa wa kuhesabu watu wanaotajwa, kuhojiwa na kuonekana katika habari, unaojulikana kwa kifupi kama GMMP, ambao hurudiwa kila baada ya miaka mitano. Katika hesabu ya kwanza wanawake walikuwa asilimia 17. Mwaka 2005 walikuwa asilimia 21, na mwaka 2020 asilimia 25. Kwa maneno mengine, robo ya karne ilipita na ongezeko likawa la asilimia nane tu.

Kuhusu taswira, mhakiki wa filamu Laura Mulvey wa Uingereza alitoa hoja mashuhuri katika makala yake ya mwaka 1975. Alieleza kwamba filamu nyingi za Hollywood zimejengwa juu ya mtazamo wa kiume: mwanamume hutazama na kutenda, mwanamke hutazamwa. Hoja hii imekosolewa na kupanuliwa, hasa na wahakiki waliouliza habari za rangi na tabaka. Diani inatoa nafasi nzuri ya kuipima upya, kwa kuwa hapa, kama itakavyoonekana, yupo mwanamke anayetazama na kutenda. Tatizo ni kwamba si mwenyeji.

Diani mbele ya Kamera ya Mgeni

Filamu mbili za Ulaya zimechangia sana kuijenga taswira ya pwani ya Kenya katika fikra za watazamaji wa nje. Ya kwanza ni Die weiße Massai ya mwaka 2005, iliyoongozwa na Mjerumani Hermine Huntgeburth na kutokana na kitabu cha Corinne Hofmann wa Uswisi kilichochapishwa mwaka 1998. Hofmann alisimulia maisha yake mwenyewe: alikuja Kenya kwa mapumziko mwaka 1986, akamwona kijana wa Kisamburu katika feri ya Likoni, ileile inayovusha watu wa Ukunda na Msambweni kwenda Mombasa, akaacha kila kitu akamfuata hadi Samburu, wakafunga ndoa, kisha ndoa ikavunjika. Ya pili ni Paradies: Liebe ya Mwaustria Ulrich Seidl, iliyoshindanishwa Cannes mwaka 2012. Filamu hii inamfuata Teresa, mama wa makamo kutoka Austria, ambaye anakuja pwani ya Kenya kutafuta mapenzi na kuishia kuyanunua kwa vijana wa ufuoni, wale wanaoitwa mitaani bichi boi.

Filamu hizi zinatofautiana sana. Ile ya kwanza ni kisa cha mahaba yaliyoshindwa na tofauti za mila. Ile ya pili ni dhihaka kali ya utalii wenyewe, na mwongozaji wake hakukusudia kuwapamba wageni wala wenyeji. Hata hivyo zinalingana katika jambo moja. Katika zote mbili mwanamke ndiye kiini cha kisa. Anasafiri, anachagua, anatoa pesa, anakosea, anajuta. Kwa kipimo cha idadi, hizi ni filamu za wanawake. Kwa kipimo cha Mulvey, mambo yamepinduliwa: mwanamke anatazama na mwanamume anatazamwa. Vers le sud ya Laurent Cantet, iliyotoka mwaka 2005 na kuhusu Haiti, ilikuwa na mpangilio kama huo, jambo linaloonyesha kwamba kisa hiki si cha Kenya peke yake bali ni cha fukwe nyingi ambako utajiri na umaskini hukutana.

Je, mwanamke mwenyeji yuko wapi? Katika Paradies: Liebe, kijana aitwaye Munga anamjulisha Teresa kwa mwanamke mwenye mtoto mchanga na kumwambia kwamba ni dada yake anayehitaji msaada wa pesa. Baadaye Teresa anagundua kwamba huyo ni mke wa Munga. Kwa Teresa ugunduzi huo ni usaliti, na filamu inatuelekeza tuutazame hivyo. Lakini mtazamaji wa Ukunda anaweza kuuliza maswali mengine. Mwanamke huyu alikubali vipi kuitwa dada? Alipata nini, alipoteza nini? Usiku mumewe alipokuwa hotelini, yeye alikuwa anafikiri nini? Filamu haina jibu, kwa sababu kamera haikubaki nyumbani kwake Teresa alipoondoka. Asiyekuwepo na lake halipo.

Aidha, ni vyema kutambua kwamba Die weiße Massai iliongozwa na mwanamke kutokana na kitabu cha mwanamke. Kwa hiyo si kweli kwamba mwanamke akishika kamera, basi wanawake wote wamewakilishwa. Uwezo haugawanywi kwa jinsia pekee. Hugawanywa pia kwa pasipoti, kwa rangi, kwa lugha na kwa mfuko. Mgeni njoo mwenyeji apone, tunasema. Katika filamu hizi mgeni amekuja, lakini aliyepona, kama yupo, ni yeye mwenyewe.

Msichana Asiyeonekana

Kutoonekana huku si suala la sanaa tu. Mwishoni mwa mwaka 2006, kati ya filamu hizo mbili, UNICEF pamoja na serikali ya Kenya ilitoa ripoti kuhusu unyonyaji wa kingono wa watoto katika Pwani. Utafiti ulihusu Malindi, Kilifi, Mombasa na Diani. Ulikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wenye umri wa miaka 12 hadi 18 walikuwa wanatumiwa kingono kwa malipo, hadi asilimia 30 ya wasichana wa rika hilo katika maeneo yaliyochunguzwa. Jambo lililowashtua wengi ni kwamba zaidi ya theluthi moja ya wanaume waliohusika walikuwa Wakenya wenyewe, si watalii wa kigeni.

Ukilinganisha ripoti hiyo na filamu zilizotajwa, utaona pengo kubwa. Filamu zilizojulikana kimataifa kuhusu mapenzi na pesa katika ufuo huu zinamhusu mwanamke Mzungu mwenye umri mkubwa na kijana Mwafrika. Uhusiano huo upo na una machungu yake. Lakini msichana wa miaka 14 wa ripoti ya 2006 hakupata filamu iliyojulikana kama hizo. Kisa chake hakina mandhari ya kuvutia wala mhusika ambaye mtazamaji wa Ulaya anaweza kujiona ndani yake.

Sarufi ya Habari: Nani Mtenda?

Ikiwa filamu ya kigeni ilimwacha msichana huyu nje ya picha, je, habari za Kiswahili zilimwonyesha vipi? Hapa ndipo mwanafunzi wa lugha ana mchango ambao mtaalamu wa filamu pekee hawezi kuutoa, kwa sababu sehemu kubwa ya uwakilishi hufanyika katika sentensi.

Kitenzi cha Kiswahili kina utajiri wa kauli. Mzizi mmoja waweza kutupa tenda, tendwa, tendeka, tendea, tendesha na tendana. Kila kauli inaamua nani awe kiima na nani asukumwe pembeni au aachwe kabisa. Mfano unaojulikana na kila mwanafunzi ni kitenzi oa: kwa mazoea ya lugha mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mtu akisema kwamba mwanamke fulani ameoa, wasikilizaji watacheka au watamsahihisha. Sarufi hapa imehifadhi mpangilio wa jamii. Si sarufi iliyouumba mpangilio huo, lakini kila inapotumika inaukumbusha.

Sasa tuchukue vichwa vitatu vya habari vya kubuni, vilivyotungwa kwa miundo ambayo msomaji wa magazeti ataitambua mara moja:

(a) Wanafunzi thelathini wapata mimba
(b) Wanafunzi thelathini watiwa mimba
(c) Wanaume wawatia mimba wanafunzi thelathini

Habari ni moja, lakini lawama si moja. Katika (a) kitenzi kiko katika kauli ya kutenda na kiima ni wanafunzi. Wamepata mimba kama mtu anavyopata homa, au, kwa msomaji mkali zaidi, kama mtu anavyopata alichokitafuta. Mwanamume hayumo kabisa katika sentensi. Hata nafasi yake ya kisarufi haipo. Katika (b) kauli ya kutendwa inatuonyesha kwamba kuna aliyetenda, na msomaji anaweza kuuliza “na nani?”, ingawa mwandishi hakumtaja. Ni katika (c) tu mtenda anaposimama mahali pake. Muundo wa (a) ndio mfupi na ndio ulio mwepesi kwa mhariri mwenye nafasi finyu. Ndio pia unaowafaa zaidi wanaume waliotenda.

Zaidi ya sentensi, kuna nomino. Neno “mimba za mapema” limezoeleka katika habari, hotuba na mabango. Nomino haina kiima wala shamirisho. Ukisema mimba za mapema, umeligeuza tendo la mtu kuwa hali ya hewa: linakuja, linaongezeka, linapungua. Hali kadhalika “biashara ya ngono” inapotumiwa kumhusu mtoto. Biashara huhitaji watu wawili wenye hiari na uwezo wa kuafikiana. Mtoto wa miaka 13 hana biashara ya aina hiyo. Anatumiwa, na kuna anayemtumia. Kumwita mwanamume huyo “mteja” ni kumpa heshima ya dukani.

Suala hili lina uzito wa kisheria. Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya ya mwaka 2006, iliyopelekwa bungeni na Njoki Ndung’u, inahesabu kujamiiana na mtoto kuwa kosa la unajisi, na kutaja waziwazi utalii wa ngono ya watoto kuwa kosa. Anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake hufungwa maisha. Mtoto akiwa na miaka 12 hadi 15, kifungo ni kisichopungua miaka 20. Akiwa na miaka 16 hadi 18, kisichopungua miaka 15. Kwa hiyo, nyuma ya kichwa cha habari kama (a), iwapo wanafunzi hao ni watoto, kuna makosa ya jinai thelathini. Msomaji aliyesoma (a) pekee hawezi kujua hilo. Mzazi wa Msambweni aliyezoea kusikia kwamba wasichana “wanapata” mimba atakuwa mwepesi wa kukubali yamalizwe kwa fidia kati ya wazee wa nyumba mbili, kuliko yule aliyesikia kwamba binti yake ametendwa kosa la jinai. Lugha ya habari haimpeleki mtu mahakamani, lakini inaweza kumzuia asifikirie kwenda.

Sauti kabla ya Sura

Ingekuwa makosa kuhitimisha kutokana na hayo kwamba mwanamke wa Pwani hajawahi kuwa na uwezo katika mawasiliano. Historia inasema vingine, na inaanza na sauti kabla ya sura. Siti binti Saad wa Zanzibar alirekodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928, na santuri zake zikaenea Afrika Mashariki wakati ambapo mwanamke wa tabaka lake hakutarajiwa kusikika hadharani. Katika bara la Mijikenda, Mekatilili wa Menza aliwahamasisha Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913, na ngoma ya kifudu, inayochezwa na wanawake, hutajwa kuwa njia aliyoitumia kukusanya watu.

Wadigo nao walikuwa na desturi ya kufuata ukoo wa mama, ambapo mali ya mtu ilirithiwa na wapwa wake, watoto wa dada yake. Desturi hiyo ilishindana na sheria ya mirathi ya Kiislamu na ya serikali ya kikoloni na kupungua nguvu, lakini inatosha kutahadharisha dhidi ya fikra kwamba mwanamke wa Kwale ameanza kuhesabiwa leo. Karibu na hoteli za Diani upo msitu wa Kaya Kinondo, uliomo katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. Watalii huutembelea na kuupiga picha. Historia ya koo za akina mama waliounganisha watu wa nchi hiyo haipigiki picha kwa urahisi, na labda ndiyo sababu haijulikani.

Katika enzi ya redio na televisheni, lugha yenyewe iliwafungulia mlango wanawake wa Pwani. Zainab Chidzuga wa Kwale alisoma taarifa za habari kwa Kiswahili katika shirika la utangazaji la taifa, KBC, kwa miaka mingi, na matamshi yake yakawa kielelezo kwa wengi. Mwaka 2013 alichaguliwa Mwakilishi wa Wanawake wa Kaunti ya Kwale katika Bunge la Taifa, kiti kilichoundwa na Katiba ya 2010, na akakishikilia hadi mwaka 2017. Bintiye, Mwanaisha Chidzuga, alifuata njia ya utangazaji na mwaka 2023 akateuliwa naibu msemaji wa serikali. Mfano huu unaonyesha jambo ambalo nadharia ya skrini haliangazii vya kutosha: sauti inayoaminiwa ni mtaji. Msikilizaji aliyemzoea mtu kwa ukweli wa habari hakuona ajabu kumpa kura.

Hata hivyo, mtaji huo una upande wa pili. Kiswahili laini cha mwanamke wa Pwani, ambacho katika taarifa ya habari ni alama ya umahiri, katika vichekesho vya televisheni mara nyingi hugeuzwa kuwa alama ya mahaba. Mhusika mwanamke mwenye lafudhi ya Pwani huletwa jukwaani ili amshike mwanamume kwa maneno matamu, ampikie, amroge au amfilisi. Buibui lake huwa vazi la siri wala si vazi la staha. Lafudhi hiyohiyo, chombo hichohicho. Kinachobadilika ni aliyeandika mswada.

Mwanamke Anaposhika Kamera

Kenya ina kizazi imara cha wanawake waongozaji. Anne Mungai aliongoza Saikati mwaka 1992, kisa cha msichana wa Kimaasai anayekimbia ndoa ya kulazimishwa. Wanjiru Kinyanjui alifuata mwaka 1995 na Battle of the Sacred Tree, Judy Kibinge akatoa Dangerous Affair mwaka 2002, na Wanuri Kahiu From a Whisper mwaka 2008. Filamu ya Kahiu ya Rafiki ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa katika tamasha la Cannes, mwaka 2018, ilhali nyumbani ilipigwa marufuku, na mahakama ikaruhusu ionyeshwe kwa siku saba tu. Kizazi hiki ni fahari, lakini visa vyake vingi viko Nairobi na bara. Pwani kwa kiasi kikubwa ilibaki kuwa mahali pa kwenda fungate.

Mabadiliko yameletwa zaidi na televisheni ya Kiswahili. Jiffy Pictures, kampuni ya mtangazaji Lulu Hassan na mumewe Rashid Abdalla, imetayarisha tamthilia kadhaa, ikiwemo Sultana iliyoanza kuonyeshwa Citizen TV mwaka 2022, ambayo mhusika wake mkuu ni msichana asiyeona na mandhari yake ni ya Pwani. Umuhimu wa kazi kama hii ni kwamba wanawake wenyeji wanazungumza wao kwa wao, kwa lugha yao, kuhusu mambo yao. Udhaifu wake ni ule wa tamthilia ndefu kwa jumla: uwezo wa mwanamke hujidhihirisha katika hila dhidi ya mwanamke mwenzake, na utajiri huwa jumba la kurithiwa badala ya kazi.

Mifano miwili inaonyesha njia nyingine. Ng’ambo ya mpaka, Pangani katika mkoa wa Tanga, shirika la UZIKWASA limetengeneza filamu zinazotokana na maisha ya wanavijiji wa wilaya hiyo. Mojawapo ni Aisha ya mwaka 2015, iliyoongozwa na Chande Omar huku Godliver Gordian akiigiza nafasi kuu. Inamhusu mwanamke anayebakwa alipokuja nyumbani kwao, na jinsi jamii inavyotaka anyamaze ilhali yeye anataka haki. Hapa mtenda yumo, na ana jina, na ni jirani. Shirika hilo lina pia redio yake, Pangani FM, ambayo kwayo mjadala waweza kuendelea baada ya filamu kwisha. Mfano wa pili ni The Letter ya Maia Lekow na Christopher King, iliyowasilishwa na Kenya kuwania tuzo ya Oscar baada ya kutoka. Filamu hiyo ya hali halisi inamfuata nyanya mmoja wa Pwani ya Kenya anayeshutumiwa na jamaa zake kwa uchawi, na taratibu inafichua kwamba chini ya shutuma kuna ugomvi wa shamba. Wazee wameuawa Kilifi na Kwale kwa shutuma za namna hiyo. Kwa kuwa watengenezaji walikaa na familia kwa miaka kadhaa, nyanya huyo haonekani kama mhanga tu. Anacheka, anaomba, analima, anajibu.

Kazi na Uongozi katika Kwale ya Leo

Ni muhimu kurejea Kwale yenyewe na kuuliza kama hali halisi inalingana na taswira. Katika kijiji cha Gazi, wanawake wamejenga njia ya mbao inayopita ndani ya mikoko na kuwatoza wageni kiingilio; kijijini humohumo mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza kuuza hewa ya kaboni mwaka 2013, hutumia mapato yake kwa mahitaji ya jamii. Katika kisiwa cha Wasini, kikundi cha wanawake kinasimamia njia kama hiyo juu ya matumbawe ya kale. Kibuyuni, karibu na Shimoni, wakulima wa mwani wengi wao ni wanawake. Hawa wote ni watenda kwa kila maana ya neno. Lakini katika filamu fupi zinazotengenezwa kuhusu miradi ya aina hii, mpangilio uliozoeleka ni kwamba mtaalamu, mara nyingi mwanamume, hueleza, na mwanamke huonyeshwa akiwa ameinama majini akifunga kamba, kisha hupewa sekunde chache za kushukuru. Kauli inayomfaa katika filamu hizo ni ya kutendewa: amewezeshwa, amefundishwa, amesaidiwa.

Katika uongozi, mwaka 2022 Fatuma Achani, wakili aliyekuwa naibu gavana tangu 2013, alichaguliwa gavana wa Kwale na kuwa mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo katika Pwani. Alikuwa mmoja wa magavana saba wanawake waliochaguliwa mwaka huo. Mwaka 2017 walikuwa watatu. Hii ni hatua, ingawa kanuni ya Katiba ya 2010 kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya vyombo vya uchaguzi haikutimizwa katika Bunge la Taifa lililochaguliwa mwaka huo.

Namna wanasiasa wanawake wanavyotajwa inastahili utafiti. Mwakilishi wa wanawake huitwa kwa kawaida “mama kaunti”. Jina hili lina heshima, kwa kuwa umama ni cheo katika jamii zetu. Hata hivyo lina mtego: mama huhukumiwa kwa alivyolea, mbunge huhukumiwa kwa sheria alizotunga na fedha alizofuatilia. Vilevile mgombea mwanamke huulizwa ameolewa wapi, ili ijulikane kama ana haki ya kuwania kwao au kwa mumewe. Kitenzi kilekile cha kauli ya kutendwa kinarudi, safari hii kikiwa kipimo cha haki ya kisiasa.

Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba uwakilishi wa mwanamke wa Diani una ngazi tatu: aliyeshika kamera, anayepewa sauti, na anayekuwa kiima cha sentensi. Filamu za kigeni zilimweka mwanamke katikati lakini zikamsahau mwenyeji. Habari zimemtaja msichana mwenyeji lakini mara nyingi zikamfanya mtenda wa kosa alilotendwa. Kwa upande mwingine, sauti za watangazaji, tamthilia za Kiswahili na filamu zilizokaa karibu na watu zimethibitisha kwamba jambo jingine linawezekana.

Yapo mambo ambayo wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kuyafanya bila kungoja fedha za filamu. La kwanza ni kuchunguza vichwa vya habari vya magazeti na redio za Kiswahili kuhusu makosa dhidi ya watoto, kuhesabu ni vingapi vinavyomtaja mtenda, na kuwapelekea wahariri matokeo. La pili ni kupendekeza istilahi: “watoto walionajisiwa” badala ya “mimba za mapema” pale sheria inaposema hivyo, na “mnyonyaji” badala ya “mteja”. La tatu ni kurekodi masimulizi ya wanawake wa Kidigo kuhusu ukoo, kazi na ardhi, kwa Chidigo na kwa Kiswahili, kabla wanaoyajua hawajatutoka. Mwandishi wa mswada wa kesho atahitaji pa kuanzia.

Mke wa Munga katika ile filamu aliitwa dada, kisha akaitwa mke, na hakuna aliyemuuliza yeye mwenyewe. Siku kamera itakapobaki nyumbani kwake baada ya mgeni kuondoka, ndipo itakapoweza kusemwa kwamba Diani imepigwa picha.